Mbona Umeme Usitengwe na Ardhi? Njia ya Kufundisha Somo la Waya wa Ardhi

Utangulizi

Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa la juu la shule ya msingi, nikimsikiliza mwanachuo akifundisha somo la usalama wa umeme. Alikuwa amejiandaa vyema. Alichora ubaoni transfoma, nguzo na nyumba. Akaeleza kuwa sehemu moja ya transfoma imefungwa ardhini, na kwamba mtu aliyesimama ardhini akigusa waya wa moto, umeme hupita mwilini mwake na kurudi kwenye transfoma kwa njia ya ardhi. Hapo msichana mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, ikiwa umeme hurudi kwa njia ya ardhi, mbona transfoma isifunguliwe kutoka ardhini? Njia ingekatika, na hakuna mtu ambaye angeumia."

Mwalimu alisita kidogo, kisha akajibu kuwa umeme hupenda ardhi, na kwamba hivyo ndivyo wataalamu walivyopanga. Somo likaendelea.

Ndugu mwanachuo, swali lile lilikuwa bora kuliko jibu lake. Mwanzoni mwa karne ya 20, mifumo mingi ya umeme huko Ulaya na Marekani ilikuwa imetengwa na ardhi kama alivyopendekeza yule msichana, na wahandisi walichukua miaka mingi kutambua kasoro zake. Mtoto anayeuliza swali kama hilo amefikiri. Asipojibiwa, huondoka darasani na jibu lake mwenyewe, nalo ni hili: waya usiofungwa ardhini hauui. Jibu hilo ni la hatari. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mambo anayopaswa kuyaelewa kwanza yeye mwenyewe, na kisha namna ya kuyapeleka darasani kwa vifaa vinavyopatikana popote.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

1. Waya na ardhi havijatengana kabisa

Mnamo mwaka 1745 Ewald von Kleist, na muda mfupi baadaye Pieter van Musschenbroek wa mji wa Leiden, Uholanzi, waligundua kila mmoja kwa njia yake kwamba umeme unaweza kuhifadhiwa katika chupa ya kioo yenye maji. Aliyeishika chupa mkononi na kugusa kwa mkono wa pili waya uliozama majini alipata mshtuko mkali. Kioo hakipitishi umeme, ni kihami. Hata hivyo, chaji iliyokuwa upande wa maji ilivuta chaji ya aina nyingine kwenye kiganja kilichokuwa upande wa nje. Vipitishi viwili vilivyotenganishwa na kihami ndivyo tunavyoviita kapasita, na uwezo wake wa kuhifadhi chaji huitwa kapasitansi. Uwezo huo huongezeka eneo la vipitishi linapopanuka, na hupungua nafasi kati yao inapoongezeka.

Sasa tazama waya uliotandazwa juu ya nguzo. Waya ni kipitishi, ardhi ni kipitishi, na hewa iliyo kati yao ni kihami. Basi waya na ardhi, bila ya mtu yeyote kukusudia, ni chupa ya Leiden iliyonyoshwa kwa kilometa nyingi. Kwa kuwa umeme wa majumbani ni mkondo geu, ambao hapa kwetu hurudia mwendo wake mara 50 kwa sekunde, chaji huingia na kutoka katika kapasita hiyo wakati wote. Hakuna chembe ya umeme inayovuka hewa, lakini mkondo upo.

Ushahidi wa jambo hili umo mfukoni mwa kila fundi. Bisibisi ya kupimia umeme huwaka taa yake ndogo hata kama fundi amevaa viatu vya mpira na kusimama juu ya kigoda kikavu. Mkondo umepitaje? Mwili wa fundi ni kipitishi, sakafu ni kipitishi, na viatu pamoja na kigoda ni kihami kilicho katikati. Mwili ni mdogo, na kwa hiyo mkondo ni hafifu mno, wala fundi hausikii. Mwalimu autaje ushahidi huu kwa maneno tu. Asiufanye darasani, wala asiwaruhusu wanafunzi kuujaribu.

Waya mrefu si sawa na mwili mdogo. Tuchukue njia ya umeme ya volti 11,000, yenye nyaya tatu juu ya nguzo, iliyotengwa kabisa na ardhi. Kwa makadirio, kilometa 100 za njia hiyo huweza kupeleka ardhini mkondo wa ampea 3 hivi pale waya mmoja unapogusa chini. Swichi za usalama zinazowalinda watu majumbani hutengenezwa zikate umeme mkondo unaovuja unapofika ampea 0.03. Ampea 3 ni mara 100 ya kiasi hicho. Hivyo mtu anayegusa waya wa njia ile "iliyotengwa" anaweza kufa, ijapokuwa hakuna mahali hata pamoja ilipofungwa ardhini. Nyaya zikizikwa chini, mkondo huo huwa mkubwa zaidi, kwa sababu kihami kinachozizunguka ni chembamba na ardhi iko karibu.

2. Waya mmoja ukigusa ardhi, nyaya nyingine hupanda

Umeme wa fezi tatu una nyaya tatu za moto. Katika mitaa yetu, kati ya waya mmoja wa moto na mwingine kuna volti 400, na kati ya kila waya wa moto na ardhi kuna volti 230, kwa kuwa kitovu cha transfoma, yaani nyutro, kimefungwa ardhini.

Tuseme sasa kitovu hicho kimefunguliwa. Nyaya zote zikiwa nzima, kapasitansi zao na ardhi hulingana, na ardhi hubaki katikati kana kwamba imefungwa. Vipimo havionyeshi mabadiliko yoyote. Lakini waya mmoja ukiangukia ardhini, ardhi na waya huo huwa kitu kimoja, na nyaya mbili zilizobaki hujikuta ziko volti 400 juu ya ardhi badala ya 230. Kila kihami kilichokuwa kikihimili volti 230 sasa kinabebeshwa mzigo wa mara 1.73. Umeme haukatiki, fyuzi haiungui, taa zinaendelea kuwaka, na hakuna anayejua kwamba pana hitilafu.

Hiyo ndiyo sababu wenye viwanda waliupenda mfumo huu: hitilafu ya kwanza haisimamishi kazi. Lakini hitilafu isiyotafutwa hungoja mwenzake, na ya pili ikitokea katika waya mwingine, umeme wote hupasuka kupitia sehemu hizo mbili.

3. Cheche inayowaka na kuzimika

Hatari kubwa zaidi hutokea pale mguso usipokuwa imara, kwa mfano tawi la mti linalopigwa na upepo, au kihami cha mota kilichopata ufa. Cheche huruka kutoka kwenye waya hadi ardhini. Mkondo wake ni ule wa kapasitansi tu, na kwa hiyo cheche huzimika upesi. Lakini izimikapo huacha chaji imenaswa katika nyaya, maana hakuna njia ya kuiteremsha ardhini. Volti ya mkondo geu inapopanda tena, hupandia juu ya chaji hiyo iliyobaki. Cheche ya pili huruka kutoka kimo kikubwa kuliko ya kwanza, nayo huweza kuacha chaji kubwa zaidi. Kwa hesabu za wahandisi, volti kati ya nyaya na ardhi huweza kwa namna hii kufika mara 5 au 6 ya kiwango chake cha kawaida.

Vitabu vya uhandisi vya Marekani husimulia juu ya kiwanda kimoja kilichotumia umeme wa volti 480 usiofungwa ardhini. Hitilafu ya namna hiyo ilitokea ndani ya kifaa cha kuanzishia mota moja. Kabla haijapatikana, kwa muda wa saa mbili hivi, volti zaidi ya 1,200 zilipimwa, na mota kati ya 40 na 50 ziliharibika. Mota hizo hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa mahali pengine kabisa.

4. Tiba zilizopatikana

Tiba ya kwanza ni kufunga kitovu cha transfoma ardhini, ili chaji iwe na njia ya kushuka, na hitilafu ivute mkondo wa kutosha kuunguza fyuzi au kukata swichi. Tiba ya pili ni kukifunga kitovu hicho kupitia kizuizi cha mkondo, yaani rezista. Tiba ya tatu ilibuniwa na mhandisi wa Ujerumani, Waldemar Petersen, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: kitovu hufungwa ardhini kupitia koili ambayo mkondo wake hukinzana na ule wa kapasitansi, kiasi kwamba cheche hukosa nguvu ikafa yenyewe.

Hata hivyo mfumo uliotengwa na ardhi haukuachwa kabisa. Unatumika katika vyumba vya upasuaji vya hospitali nyingi, na katika meli, ambako umeme kukatika ghafla ni hatari kuliko hitilafu ya kwanza. Nchini Ufini, ambako ardhi ya mawe haipitishi umeme vizuri, njia nyingi za umeme wa kati zilijengwa bila kufungwa ardhini. Mahali kama hapo huwekwa chombo kinachochunguza vihami au kupiga kengele hitilafu ya kwanza inapotokea. Hivyo kuutenga umeme na ardhi si ujinga. Ni uamuzi unaodai ulinzi wa daima.

Somo darasani

Madhumuni. Mwisho wa somo wanafunzi waweze: (a) kueleza kwa nini waya usiofungwa ardhini unaweza kumdhuru mtu, (b) kuonyesha kwa mchoro jinsi volti inavyopanda waya mmoja unapogusa ardhi, (c) kutaja kazi ya waya wa ardhi katika vyombo vya umeme.

Vifaa. Chupa mbili za plastiki, moja nyembamba na moja pana, mapute mawili, kipande cha tyubu ya baiskeli, kamba, karai la maji, ubao mwembamba, rula, chaki. Hakuna kifaa chochote cha umeme kinachotumika katika somo hili.

Hatua ya kwanza: maji yasiyovuka. Kata kitako cha kila chupa. Tandaza mpira wa pute juu ya tundu la kitako na uufunge imara kwa kamba. Jaza maji hadi begani mwa chupa, kisha iinue wima, mpira ukiwa chini. Mwite mwanafunzi asukume mpira polepole kwa kiganja na kuuachia, tena na tena. Maji yatapanda na kushuka shingoni mwa chupa. Uliza: "Je, kuna tone lililovuka mpira?" Hakuna. "Je, maji yamesogea?" Yamesogea. Waache wanafunzi wayaseme wenyewe maneno hayo mawili, kwa kuwa ndiyo kiini cha somo lote. Ndipo ueleze kuwa kiganja ni kama waya, mpira ni kama hewa, na maji ni kama chaji iliyo ardhini.

Rudia kwa chupa pana: mpira wenye eneo kubwa husogeza maji mengi zaidi. Kisha badili pute kwa kipande cha tyubu, ambacho ni kinene: maji husogea kidogo. Wanafunzi watahitimisha wenyewe kuwa waya mrefu una uhusiano mkubwa na ardhi kuliko waya mfupi, na kwamba kihami kinene hupunguza uhusiano huo.

Hatua ya pili: pembetatu ya volti. Chora ubaoni pembetatu yenye pande tatu sawa, kila upande sentimeta 40. Kutoka kila pembe chora mstari hadi katikati ya upande unaoielekea. Mistari hiyo itakutana mahali pamoja. Hapo ni kitovu. Mwite mwanafunzi apime kutoka kitovuni hadi pembeni: atapata sentimeta 23 na kidogo. Kila sentimeta iwakilishe volti 10. Pembe ni nyaya tatu za moto, na kitovu ni ardhi. Waulize: "Ardhi iko mbali kiasi gani na kila waya?" Volti 230. "Je, waya huu mmoja ukianguka, ardhi itakuwa wapi?" Itakuwa kwenye pembe ile. Wapime tena kutoka pembe hiyo hadi zile mbili nyingine: sentimeta 40, yaani volti 400. Jambo ambalo lingehitaji hesabu za sekondari limeonekana kwa rula. Mwalimu wa hisabati anaweza kuutumia mchoro huu huu katika somo lake.

Hatua ya tatu: mawimbi ya karai. Jaza karai maji yafike vidole vitatu chini ya ukingo. Mwanafunzi asukume maji kidogo kwa ubao, mara moja tu. Wimbi litakwenda, litarudi, na kutulia bila kumwagika. Sasa asukume kidogo vilevile kila wimbi linaporudi kwake. Baada ya misukumo michache maji yatamwagika ukingoni. Waulize: "Ni msukumo gani uliomwaga maji?" Hapana mmoja peke yake, kila msukumo uliongezwa juu ya mabaki ya uliotangulia. Hivyo ndivyo zinavyofanya cheche zinazowaka na kuzimika katika nyaya zilizotengwa na ardhi, na ukingo wa karai ni kihami kinachoshindwa. Mwalimu aseme wazi kuwa huu ni mfano tu: katika karai kinachobaki ni mwendo wa maji, na katika nyaya kinachobaki ni chaji iliyokosa njia ya kushuka.

Hatua ya nne: kurudi kwenye swali. Andika ubaoni swali la yule msichana, kisha ulipe kila kundi dakika tano litoe jibu lake. Usikimbilie kusahihisha. Jibu linalotakiwa lina sehemu tatu: kwamba njia haikatiki kabisa, kwa kuwa kapasitansi ipo, kwamba hitilafu hujificha, kwa kuwa fyuzi haiungui, na kwamba volti huweza kupanda kupita kiasi na kuharibu vihami vya mahali pengine.

Makosa ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni kusema kuwa umeme "hupenda" au "hutafuta" ardhi. Umeme hurudi kwenye chanzo chake; ardhi ni mojawapo ya njia. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa umeme hupenda ardhi hawezi kuelewa kwa nini mtu huuawa akishika nyaya mbili huku miguu yake haigusi chini.

Kosa la pili ni kuchanganya kazi mbili. Kufunga kitovu cha transfoma ardhini ni jambo moja. Waya wa ardhi wa chombo, ule wa rangi ya kijani na manjano unaounganisha bati la pasi au la jiko na ardhi, ni jambo jingine. La kwanza huituliza volti ya mfumo mzima. La pili hulifanya bati lisimshtue anayeligusa, na huwezesha fyuzi kuungua waya wa moto unapoligusa.

Kosa la tatu ni kumfundisha mtoto hofu peke yake. Mtoto anayeogopa bila kuelewa huiacha hofu hiyo siku atakapomwona mkubwa akigusa waya na kupona.

Umuhimu wake kijijini

Mwanachuo anaweza kudhani kuwa mambo haya ni ya wahandisi. Sivyo. Jenereta nyingi ndogo zinazobebwa kwa mkono, ambazo huwasha taa za maduka, mashine za kusaga na spika za arusini, hazikufungwa ardhini. Kwa sababu nyaya zake ni fupi, kapasitansi yake ni ndogo, na mtu aliyegusa waya mmoja akapona huwatangazia wenzake kuwa umeme wa jenereta hauna madhara. Lakini pengine waya wa pili umekwisha kuchubuka na kugusa fremu ya chuma, na hakuna dalili yoyote iliyoonekana. Siku mtu atakapoishika fremu kwa mkono mmoja na waya wa kwanza kwa mkono wa pili, volti zote zitapita kifuani mwake. Ile bahati ya mara ya kwanza ndiyo iliyomfundisha vibaya.

Wanafunzi waelezwe basi mambo matatu: wasiguse waya wowote uliochubuka, hata wakiambiwa kuwa haukufungwa ardhini, wasisogelee waya ulioanguka, hata kama taa za kijiji bado zinawaka, bali wamwarifu mtu mzima, na kazi ya kufunga waya wa ardhi ni ya fundi aliyefuzu.

Mazoezi

1. Kwa nini taa ya bisibisi ya kupimia huwaka ingawa fundi amevaa viatu vya mpira?
2. Chora pembetatu yenye pande za sentimeta 20. Pima kutoka kitovu hadi pembe. Ikiwa kila sentimeta ni volti 550, tafuta volti kati ya waya na ardhi kabla ya hitilafu na baada yake.
3. Waya umeanguka shambani na taa zinaendelea kuwaka. Mwenzako anasema, "Ungekuwa na umeme, fyuzi ingeungua." Mjibu.

Hitimisho

Katika kutathmini somo hili, mwalimu asitosheke na idadi ya majibu sahihi. Na atazame pia kama wanafunzi wameuliza maswali mapya, na kama yeye mwenyewe ameyapokea. Mwanachuo niliyemtaja mwanzoni alinifuata baada ya kipindi akakiri kuwa hakulijua jibu. Tulikaa chini ya mwembe tukachora pembetatu mchangani kwa kijiti. Kesho yake alirudi darasani, akamwita yule msichana mbele, na kuwaambia wanafunzi: "Jana mwenzenu aliuliza swali nami sikulijibu. Leo tutalijibu pamoja." Darasa zima lilinyamaza kusikiliza.